Mtoto amefariki ghafla nyumbani na mtaa umeshamjua aliyemuua: maswali ninayoulizwa kila mara

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mahakama hapa pwani. Niliandika ushahidi wa kila aina, mwingi wa mashamba na urithi, mchache wa vifo vya watoto, na huo mchache ndio ulionikaa. Sasa niko nyumbani Malindi. Kila mtoto anapofariki ghafla, watu hunijia na hadithi nzima mkononi: nani, kwa nini, kwa kitu gani. Swali huja mwisho, na aghalabu si swali, ni kutaka niitikie tu. Nimeyakusanya hapa yanayojirudia. Mimi si daktari wala wakili. Niliandika waliyoyasema madaktari na mawakili mbele ya hakimu, mpaka mengine yakaniingia.

Mtoto alikutwa na povu mdomoni. Si sumu hiyo?

Huenda. Lakini povu peke yake halitaji sumu. Hutokea majimaji yanapojaa mapafuni na kuchanganyika na hewa. Aliyezama maji hutoka povu, aliyeshikwa na kifafa au degedege hutoka povu, ambaye moyo wake umeshindwa kazi hutoka povu, na aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu pia hutoka povu. Daktari akiliona huandika "povu" kisha anaendelea kutafuta. Sisi barazani tukiliona huandika "sumu" na kufunga daftari.

Sumu hutafutwa kwenye maabara. Vipande vya ini na figo, damu na vilivyomo tumboni hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, ambaye ana ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hakuna anayeiona kwa macho akiwa amesimama mlangoni, hata awe na macho ya kipanga.

Na yale mabaka meusi mgongoni? Tumeyaona wenyewe, mtoto alipigwa.

Hili ndilo linaloangusha watu wengi zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Moyo ukisimama damu haisukumwi tena, basi huteremka yenyewe kwenye upande uliolala chini. Baada ya saa moja au mbili huanza kuonekana mabaka ya zambarau, na kwa mtoto aliyelala chali yatakuwa mgongoni na nyuma ya mapaja. Pale ambapo mwili umebanwa na mkeka au mkunjo wa shuka damu haiingii, pakabaki peupe. Jirani akiutazama mstari ule mweupe katikati ya weusi huona kamba, au vidole. Mabaka hayo yakishakaa saa kadhaa hayahami tena, na hapo daktari hupata habari yenye maana: kama mtoto alilala vile vile alivyokutwa, au kuna aliyemgeuza baadaye.

Kuna na mengine. Watoto wetu wengi huzaliwa na baka la rangi ya kijivu na buluu kiunoni au juu ya makalio, nalo hufifia wanapokua. Kuna sisimizi: mwili ukilala sakafuni saa chache hung'atwa kwenye midomo, kope na mikunjo ya kinena, na vidonda vile hukauka vikawa kama michubuko. Kuna na joto letu. Malindi ya Februari si mahali pa mwili kungoja. Ukakamavu huja upesi na kuondoka upesi, na maji yenye damu yanaweza kutoka puani bila mtu kumgusa.

Daktari huchana ngozi kidogo. Damu ya jeraha imeingia ndani ya nyama, haioshwi kwa maji; damu ya mabaka imo mishipani, huoshika. Ni kazi ya dakika moja, ila lazima kiwepo kisu, taa, na mtu aliyesomea.

Wala sisemi kwamba watoto hawapigwi. Wanapigwa, na wapo wanaokufa. Ila kipigo kinachoua kinaweza kisiache chochote nje: teke la tumbo hupasua ini na ngozi ikabaki safi. Kwa hiyo jicho la mtaa hukosea pande zote mbili. Humtia hatiani asiye na kosa kwa mabaka, na humpitisha mwenye kosa kwa ngozi safi.

Mamake hakulia. Mama gani huyo?

Mama wa huku kwetu, pengine. Tangu asubuhi ameambiwa na wanawake waliojaa ukumbini: nyamaza, usipige mayowe, sema inna lillahi, mtoto mdogo ni wa peponi. Amenyamaza. Jioni wale wale waliomnyamazisha wanaulizana kibarazani mbona hakulia.

Kuna kesi ya Australia ambayo ningependa kila mwenye kuuliza hili aijue. Tarehe 17 Agosti 1980, karibu na mwamba wa Uluru, mtoto wa wiki tisa aitwaye Azaria Chamberlain alitoweka ndani ya hema. Mamake, Lindy, alisema amechukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa kule. Alipohojiwa kwenye televisheni alikuwa mkavu, anaeleza bila machozi, na nchi nzima ikaamua kwamba mwenye uchungu haongei hivyo. Mwaka 1982 akafungwa maisha. Ushahidi mmoja mzito ulikuwa damu ya mtoto ndani ya gari. Baadaye ilibainika kwamba sehemu ya ile "damu" ni dawa iliyopuliziwa gari kiwandani ili kupunguza kelele. Mwaka 1986 kikoti cha mtoto kikapatikana karibu na mashimo ya dingo, mama akaachiwa. Hukumu ilifutwa 1988. Cheti cha kusema rasmi kwamba dingo ndiye aliyesababisha kifo kilitoka 2012, miaka 32 baada ya mtoto kupotea. Ukavu wa macho haukumthibitishia mtu chochote wakati wote huo, ila ndio uliowafanya watu waamini mengine yote.

Kwa nini walizika haraka? Walikuwa wanaficha nini?

Walizika haraka kwa sababu ni Waislamu, na maiti haiwekwi. Angekufa kwa malaria wangezika saa hiyo hiyo.

Swali la maana ni: nani aliambiwa kabla ya kuzika? Kifo cha nyumbani hupita kwa naibu chifu, hujazwa fomu ya D2, kikatolewa kibali cha mazishi. Kama kifo hakieleweki, polisi wanatakiwa kujua kwanza. Waliofuata njia hiyo hawakuficha, hata kama walizika kabla ya adhuhuri. Waliozika usiku bila chifu, bila imamu, bila jirani, hao wana la kueleza. Na mwili ukishazikwa si mwisho wa habari: hakimu anaweza kutoa amri ufukuliwe. Ila kaburi la mtoto mdogo, kwa udongo wetu na joto letu, kila wiki inayopita hula ushahidi.

Kadhi anaweza kuzuia upasuaji wa maiti?

Hapana. Katiba, kifungu cha 170, imempa kadhi ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Uchunguzi wa kifo ni wa polisi na hakimu. Na wanazuoni wengi wameuruhusu upasuaji inapokuwa dharura ya kujua haki. Nimeona familia zikimwomba daktari wa Kiislamu, au mtu wao mmoja akae nje ya chumba, au mwili urudishwe siku ile ile. Haya huombwa, na mara nyingi hukubaliwa.

Mimi huosha maiti. Nikiona kitu kwa mtoto, niseme au nisitiri?

Swali hili aliniuliza mama mmoja wa Mambrui, na hakuwahi kulikosea heshima jambo hili hata siku moja. Muosha ameamrishwa asitiri anayoyaona. Sitara hiyo ni ya aibu ya maiti, si ya kosa la aliye hai. Ukiona jeraha, mfupa uliolegea, alama za moto wa sigara, weka chombo chini kabla ya maji kuendelea, mwite aliyesimamia mazishi, na polisi waitwe. Maji na karafuu maiti vikishapita, mengi yamekwenda. Kisha usiseme tena, hata kwa dada yako. Mateso ya familia nyingi huanza na sentensi moja ya muosha, "mimi nimeona lakini sisemi", ambayo ni mbaya kuliko kusema.

Ni nini basi kinachomuua mtoto ghafla ndani ya nyumba, kama si mtu?

Maji, kwanza. Mtoto anayejifunza kutembea huzama kwenye ndoo, hahitaji kisima. Mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda: hayaui kwa tumbo bali kwa kuingia mapafuni, na ndiyo maana kumtapisha humwongezea hatari. Jiko la makaa lililoingizwa ndani usiku wa mvua na dirisha kufungwa. Hewa yake haina harufu wala rangi, na mara nyingine humchukua mtoto na kumwacha mtu mzima akiwa na kichwa kinachomuuma tu. Punje ya karanga kooni. Waya uliochunika. Nyoka aliyeingia kufuata panya, ambaye alama ya meno yake kwa mtoto mdogo huhitaji kutafutwa. Malaria iliyopanda kichwani usiku mmoja. Na ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi hapa huuita sikoseli. Pwani yetu unao kwa wingi, kwa sababu anayerithi nusu tu ya kasoro hiyo hukingika na malaria kali, basi imebaki katika koo zetu vizazi na vizazi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, pale Kilifi wameuchunguza miaka mingi.

Lakini kama nataka kumkomesha mjuaji wa kibarazani, humwambia habari ya kasa. Nyama ya kasa huwa na sumu mara nyingine, si kila mara, na kuipika hakuiondoi. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Sasa sikia hili: sumu hiyo hupita kwenye maziwa ya mama. Mama anaweza kula, akaumwa kidogo akapona, na mtoto anayenyonya, ambaye hakugusa chungu, akafa. Hebu fikiria kisa hicho kikitokea kwenye nyumba isiyotaka kusema kwamba imekula kasa, kwa kuwa kumchinja ni kosa la sheria. Mtaa ungepata ushahidi wote unaoutaka: mama anadanganya, mama mzima, mtoto maiti.

Nimeona filamu ya yule mtoto wa Marekani, JonBenét. Wewe unadhani ni nani?

Sidhani.

Najua halikuridhishi. Tangu filamu hizi zianze kuonekana kwenye simu, vijana wa hapa wanaijua nyumba ya Boulder, Colorado, kuliko wanavyozijua nyumba za Shela. Basi tuyaweke yaliyo wazi. JonBenét Ramsey alikuwa na miaka 6. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1996 mamake alipiga simu polisi: mtoto hayupo, na kuna barua ya kurasa mbili na nusu inayodai dola 118,000. Karatasi ilitoka kwenye daftari la mle mle ndani, na kiasi hicho kilikaribiana na bahashishi aliyolipwa babake kazini. Polisi walipita nyumba wasiufungue mlango mmoja wa chini. Marafiki wakaja kuwafariji, wakatembea kila chumba, wengine wakapangusa meza za jikoni. Mchana afisa mmoja akamwambia baba azungukie tena nyumba, naye ndiye aliyemkuta mwanawe kwenye chumba cha chini, akambeba mikononi kumpandisha juu.

Hapo kesi ilikuwa imeshaharibika, kabla jua halijatua siku ya kwanza. Yaliyofuata ni nadharia. Walioamini ni mama walikazania mwandiko. Walioamini ni mgeni walikazania dirisha. Walioamini ni kaka yake, mtoto wa miaka 9, walikazania bakuli la mananasi lililokuwa mezani, kwa kuwa mananasi yalionekana tumboni mwa marehemu. Jopo la raia lililosikiliza ushahidi kwa siri mwaka 1999 lilitaka wazazi washtakiwe kwa kumweka mtoto hatarini. Mwendesha mashtaka akakataa kutia sahihi, na jambo hilo likajulikana hadharani 2013. Mwaka 2006 mtu mmoja alikiri akiwa Thailand; chembe zake za urithi hazikulingana na zilizopatikana kwenye nguo za mtoto. Mwaka 2008 mwendesha mashtaka mwingine aliiandikia familia barua ya kuisafisha na kuomba radhi; mama alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla. Mwaka 2016 televisheni ikamnyooshea kidole yule kaka, sasa mtu mzima. Akashtaki, akadai dola milioni 750, wakapatana nje ya mahakama 2019.

Hakuna aliyehukumiwa mpaka leo. Kila nadharia ina kitu kimoja kinachoishikilia na kitu kimoja inachokikalia ili kisionekane. Mwenye mananasi hazungumzii chembe za urithi, mwenye dirisha hazungumzii daftari. Hicho ndicho ninachokitazama mtu anaponijia na mkasa wa hapa: nini amekikalia?

Watoto wawili wa nyumba moja wamekufa. Hiyo nayo ni bahati mbaya?

Inaweza kuwa. Uingereza, wakili aitwaye Sally Clark alipoteza mtoto 1996 na mwingine 1998, wote wachanga. Daktari maarufu aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa jambo hilo kutokea lenyewe ni mara 1 katika milioni 73. Aliipata wapi? Alichukua 1 katika 8,543, akaizidisha kwa yenyewe, kana kwamba mtoto wa pili hakuzaliwa na wazazi wale wale wala kulala nyumba ile ile. Mama akafungwa maisha 1999. Chama cha wanatakwimu wa Uingereza kilipinga hesabu hiyo, na baadaye ikajulikana kwamba majibu ya maabara ya mtoto wa pili, yaliyoonyesha vijidudu, hayakupelekwa kwa upande wa utetezi. Aliachiwa 2003. Alifariki 2007. Na kule Australia Kathleen Folbigg alifungwa 2003 kwa vifo vya watoto wake wanne, akasamehewa 2023 baada ya wanasayansi kuonyesha kwamba mabinti wawili walirithi kasoro inayoweza kusimamisha moyo.

Kwetu, vifo viwili nyumba moja vinipeleke kwanza kwenye damu ya wazazi. Wote wawili wakiwa na nusu ya sikoseli, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kisha vinipeleke kwenye chumba wanacholala. Kisha, ndiyo, kwa watu wa nyumba.

Inasemekana bibi yake ndiye. Ana macho mekundu na mjukuu mwingine alikufa mwaka juzi.

Macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka sitini. Sina subira na swali hili. Kaunti yetu ya Kilifi imezika wazee wengi waliouawa baada ya mtoto kufa na mtu kutamka neno moja, mchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna shamba. Hapa Malindi MADCA, chama cha utamaduni, kina kituo cha kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao. Nenda ukae nao asubuhi moja ndipo uniulize tena.

Baada ya Shakahola unatuambia tusiwashuku wazazi?

Nakwambia shuku, kisha peleka shaka yako mahali pake. Ni haki kuuliza hili Malindi, mji uliolala na harufu ile mwaka 2023, wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walipokuwa wakifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na miili ikipita kwenda mochari siku baada ya siku. Walioanza kuitoboa siri walikuwa watu wa kawaida waliokwenda kusema: mwanangu haonekani, dada yangu ameingia msituni na watoto. Walitaja majina na mahali.

Lakini kumbuka na tuliyokuwa tukisema mitaani wiki zile. Tulisema wamenyofolewa viungo vinauzwa ng'ambo. Upasuaji ulipoanza Mei mosi, daktari mkuu wa serikali, Johansen Oduor, alisema maiti 10 za siku ya kwanza, 9 za watoto, nyingi zilikufa kwa njaa, mbili zikiwa na dalili za kukosa hewa, na kwamba katika alizokwisha kuzikagua hakukuwa na kiungo kilichopungua. Njaa. Lilikuwa neno dogo mno kwa ukubwa wa jambo, na nadhani ndiyo maana wengi hawakulitaka. Miili zaidi ya 400 ilitoka ardhini. Februari 2024 Mackenzie na wenzake walisomewa mashtaka ya kuua watoto 191 hapa hapa Malindi, wakakana.

Lisemwalo lipo. Mtaa mzima unakosea vipi?

Mtaa mzima kwa kawaida ni mtu mmoja. Nimewahi kufuata nyuma habari ya "wengi walisikia mtoto akilia usiku", nyumba kwa nyumba, kwa kuwa hakimu alitaka mashahidi. Kumi na wawili waliisikia kwa mwenzao. Aliyebaki alisikia mtoto, ila alikuwa wa nyumba ya pili, na usiku wa kabla yake.

Nina shaka ya kweli. Nifanye nini?

Kama kuna mtoto mwingine hai katika nyumba hiyo, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, leo, ni bure. Yeye ndiye wa haraka, kuliko marehemu.

Kwa aliyefariki, nenda kituo cha polisi uandikishe na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Sema ulichoona, si ulichomaliza nacho: "saa nne usiku nilisikia kishindo na mlango ukafungwa" inamfaa mpelelezi, "alimuua" haimfai. Ukihofia kujulikana, DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana namba ya bure, 0800 722 203. Usiingie nyumba ile kupiga picha. Usimsafishe mtoto, usikunje mkeka, usimwage uji uliobaki. Kina mama zetu wakipata msiba hufagia kabla wageni hawajaja, ni heshima, na ni hasara kubwa.

Watu huniuliza pia habari ya fomu ya P3 ya polisi. P3 ni ya aliyejeruhiwa akiwa hai. Maiti ina fomu yake, na huitoa polisi.

Mwili umechunguzwa. Mbona kimya?

Maabara huchukua wiki, mara nyingine miezi. Ripoti yaweza kusema sababu haikujulikana, na hilo ni jibu kamili, si kuhongwa. Kama kifo kinatia shaka na hakuna wa kushtakiwa, hakimu anaweza kuketi kusikiliza mashahidi chini ya vifungu 386 na 387 vya sheria ya utaratibu wa kesi za jinai. Mtoto Samantha Pendo wa Kisumu, miezi sita, alipigwa nyumbani kwao Agosti 2017 wakati wa fujo za uchaguzi, akafa siku chache baadaye. Hakimu alisikiliza, 2019 akawatwika polisi lawama, na ilikuwa 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoidhinisha maafisa washtakiwe. Uchunguzi wa namna hii hauna kasi, lakini watu walisimama kizimbani wakaulizwa maswali na majibu yakaandikwa.

Sisi tuko Lamu, visiwani. Hayo yote yako mbali.

Ni kweli. Kutoka Kizingitini au Kiunga mwili husafiri kwa mashua, na maji yakitoka hata mashua hungoja. Msaada mkubwa wa mtu wa kisiwani ni kuandika: saa aliyokutwa, alilala vipi, mwili ulikuwa wa moto au baridi, umekakamaa au la, nani alimgusa, alikula nini jana na nani mwingine alikila. Karatasi moja. Barafu ya samaki ifungwe kwenye nailoni, isigusane na ngozi.

Nikisambaza picha ya maiti ya mtoto ili haki ipatikane?

Usisambaze. Na ukimtaja mtu kuwa muuaji, elewa hivi: tangu 2017 Mahakama Kuu iliposema kashfa si jinai tena, hutafungwa kwa kosa hilo, lakini ana miezi 12 ya kukushtaki alipwe.

Majibu yakitoka, nani ayatangaze mtaani?

Wazazi, au waliyemruhusu.

Miaka kadhaa iliyopita mtaa wetu ulimpoteza mvulana wa miaka mitatu, aliyelelewa na mama wa kambo. Alikutwa alfajiri, povu mdomoni, kikombe cha uji kando ya mkeka. Jioni ile nilikaa kibarazani kwa jirani, mimi karani wa miaka yote hiyo, nikasema, "Ule uji ule." Sikuongeza neno. Kufika isha uji ulikuwa na mafuta ya taa, kesho yake una dawa ya panya, na keshokutwa duka ilikonunuliwa lilikuwa na jina. Yule mama akaacha kwenda bombani mchana, akawa anachota usiku.

Majibu yalikuja wiki ya kumi na moja. Hakukuwa na sumu yoyote. Bandama ilikuwa imevimba kupita kiasi, damu ya mwili mzima imejikusanya humo, na chembe zake zilikuwa zimepinda kama mundu. Babake ndipo akakumbuka vidole vilivyokuwa vikivimba tangu mtoto hajaota meno yote, wakidhani ni baridi. Mama wa kambo alikuwa ameshahamia kwao Mpeketoni.

Imamu aliisoma ripoti baada ya swala ya Ijumaa, sentensi mbili, kwa idhini ya baba. Watu wakamrehemu marehemu, wakatafuta viatu vyao. Mlangoni mzee mmoja ninayemheshimu sana akanishika mkono, akaniinamia sikioni.

"Sawa, karani," akasema. "Lakini lile povu?"